Waranti ya Nyongeza ya Gari: Ukiwa Ngana, Lipa au Acha?

Swali hili linakuja kwa sura nyingi. Mkulima wa kakao yuko yadini Dar es Salaam, anakaribia kulipia Noah, na muuzaji anamwambia aongeze kiasi fulani apewe waranti ya mwaka mzima. Mwalimu ameagiza IST kutoka Japani, na kwenye ankara amekuta mstari wa waranti ambao hakuuomba. Mfanyabiashara wa mchele wa Kasumulu ana pikapu aliyoinunua mpya kwa wakala, waranti ya kiwandani inakaribia kwisha, naye amepigiwa simu kwamba anaweza kuirefusha. Wengi wanaouliza ni wenye fedha ya kakao ya tangu mwaka 2024, bei iliporuka hadi tani moja ikapita dola 10,000 kwenye soko la dunia. Fedha ipo, gari linatakiwa, na kila muuzaji ana kitu cha kuongezea.

Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa yeyote ambaye gari lake litalala wilayani Kyela: Ngana, Ipinda, Matema au Kyela mjini.

## Jibu fupi

- Gari lililotumika, lenye miaka zaidi ya 10, litakalokaa huku kwetu: mara nyingi acha.
- Gari jipya au la miaka michache, lenye umeme mwingi na spea ghali, ambalo unalipeleka servisi kwa wakala kila mara: fikiria, upige hesabu.
- Waranti ya mdomo, isiyo na karatasi: usiilipie hata shilingi.

Kinachoamua ni gereji kuliko bei ya waranti. Nani atatengeneza gari, yuko wapi, na nani atalipa kulifikisha huko? Ukipata majibu ya maswali hayo matatu, uamuzi unakuwa mwepesi.

## Jua kwanza unauziwa nini

Watu huchanganya vitu vinne, na wauzaji huachia mkanganyiko huo uendelee.

1. Waranti ya mtengenezaji. Huja na gari jipya, imo ndani ya bei. Toyota mpya ya wakala rasmi kwa kawaida hupewa miaka 3 au kilomita 100,000, kimojawapo kikitangulia.
2. Waranti ya nyongeza. Unailipia mwenyewe ili kurefusha ile ya kwanza, au kulipatia gari lililotumika kinga ambayo halina tena.
3. Ahadi ya yadi. Ile ya “injini na giaboksi miezi mitatu”. Nguvu yake inategemea karatasi na uaminifu wa mwenye yadi.
4. Bima. Bima ndogo ni ya lazima, nayo hulipa madhara unayowasababishia wengine. Bima kubwa huongeza ajali, moto na wizi wa gari lako. Hakuna hata moja kati ya hizo inayolipa injini iliyonoki au giaboksi iliyochoka.

Wengine huniuliza, “Si gari limetoka Japani, waranti ya kule haifuati?” Haifuati. Kwa magari yanayouzwa Japani, watengenezaji wengi hutoa miaka 3 au kilomita 60,000 kwa sehemu za kawaida, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa injini na giaboksi. Ni kinga ya mnunuzi wa kule. Halafu tazama umri: IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2007. Hata ile ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, kinga ya injini yake iliisha mwaka 2012.

## Swali la kwanza: gereji iko wapi?

Karibu kila waranti ina sharti kwamba matengenezo yafanyike kwenye gereji iliyoidhinishwa. Gereji hizo nyingi ziko Dar es Salaam, ambako kutoka huku ni zaidi ya kilomita 900. Ukibahatika, kuna moja jijini Mbeya.

Mbeya nako si pa kwenda na gari bovu. Ni zaidi ya kilomita 100, na sehemu kubwa ya njia ni kupanda: unatoka kwenye bonde la Ziwa Nyasa, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, unapita Tukuyu, unafika Isyonje ukiwa umevuka mita 2,000. Gari linalochemsha halifiki. Litavutwa au litapakiwa kwenye lori, na gharama hiyo mikataba mingi haiitaji, au huilipia kilomita chache tu.

Kabla ya kulipa, pata majibu haya kwa maandishi:

- Jina na mtaa wa gereji iliyoidhinishwa iliyo karibu zaidi na Kyela.
- Nani analipa kuvuta gari, na hadi kilomita ngapi.
- Fundi wangu wa Kyela anaweza kufungua injini kwanza kuona tatizo, au akigusa tu haki yangu imekufa?
- Spea ikikosekana Mbeya, nitasubiri siku ngapi, na nani analipa maegesho?

Muuzaji akisema, “Bosi, hayo tutaongea likitokea tatizo,” hapo amekwisha kukujibu.

## Piga hesabu hivi

Chukua daftari. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, weka zako.

Tuseme waranti ya mwaka ni Sh 900,000. Kila ukidai, unachangia Sh 200,000 za kwanza. Kikomo cha malipo kwa mwaka ni Sh 2,500,000. Kuvuta gari hadi Mbeya ni Sh 400,000, na nauli zako pamoja na malazi ni Sh 100,000.

Giaboksi ikifa, matengenezo Sh 1,800,000:

- Ukiwa na waranti: 900,000 + 200,000 + 400,000 + 100,000 = Sh 1,600,000.
- Bila waranti, fundi akikufuata nyumbani: Sh 1,800,000.

Umeokoa Sh 200,000, kama dai lako halikukataliwa.

Ubovu wa Sh 4,000,000:

- Ukiwa na waranti: unachangia 200,000, kampuni inalipa kikomo chake cha 2,500,000, unamalizia 1,300,000. Ongeza bei ya waranti, kuvuta na safari: jumla Sh 2,900,000.
- Bila waranti: Sh 4,000,000.

Hapa faida inaonekana, Sh 1,100,000.

Gari lisipoharibika: umetoa Sh 900,000 na mwaka umeisha.

Mfano huu unafundisha jambo moja: waranti huleta faida ya maana pale tu ubovu unapokuwa mkubwa sana. Sasa jiulize, kwa gari lako, ubovu wa milioni nne upo? Kwa IST, Probox au Passo, ambazo injini na giaboksi za mtumba zimejaa madukani, si rahisi kufika huko. Kwa gari la miaka michache lenye giaboksi ya kisasa, kontrolboksi na sensa za kila upande, unaweza kufika kwa mara moja.

## Mtego uko kwenye yasiyolipwa

Ukurasa wa kwanza wa mkataba hueleza yanayolipwa. Wewe anza na ukurasa wa yasiyolipwa. Haya ndiyo yanayowakumba watu wa huku:

- Sehemu za kuchakaa. Shokapu, bushi, boljointi, brekipedi, klachi, matairi. Barabara zetu za vumbi na matope hula hizo kwanza, na hizo ndizo waranti huziacha.
- Kuchemsha. Mshale wa joto ukipanda nawe ukaendelea “nifike tu Tukuyu”, gasketi ikiungua utaambiwa ni uzembe.
- Maji. Masika ya Kyela ni mazito, na mito ya Songwe na Kiwira hufurika. Injini iliyonyonya maji hailipwi na waranti.
- Mafuta mabaya. Petroli ya kidumu ikiua pampu au nozeli, dai hilo halina mtu.
- Biashara. Umesajili gari kuwa la binafsi, lakini linapiga mchomoko kati ya Kasumulu na Kyela, au linabeba magunia ya mpunga kupita uwezo wake. Wakigundua, wanafunga faili.
- Kubadilisha gari. Kuweka spesa ili linyanyuke, au kulivalisha matairi makubwa kuliko ya kiwandani, ni sababu tosha ya kukataliwa.
- Kuvuka mpaka. Umekwenda Karonga kununua bidhaa, gari likafia huko. Mikataba mingi huishia mpakani.
- Tatizo la zamani. Chochote watakachosema kilikuwepo kabla ya mkataba. Kwa gari lililotumika, neno hilo linaweza kubeba karibu kila kitu.

Tia alama kwenye kila mstari unaokuhusu. Zikifika tatu, rudisha karatasi.

## Lini waranti ya nyongeza inafaa

Zipo hali ambazo ningekushauri ulipe, na sitaki uzipuuze kwa sababu ya maonyo haya.

- Gari ulinunua jipya, na kila servisi umefanya kwa wakala, na vitabu viko sawa.
- Anayekuuzia ni mtengenezaji au wakala wake rasmi, na gereji yao inafikika kwa safari zako za kawaida, labda kwa sababu unakwenda Mbeya kila wiki kwa biashara.
- Gari lina teknolojia ambayo mafundi wa karibu bado hawajaizoea, kama mfumo wa haiburidi.
- Gari ndilo linaloleta kipato, mkataba unakubali wazi matumizi ya biashara, na kuvuta gari kumo ndani.
- Ubovu mmoja mkubwa ungekufanya ukope kwa riba au uuze shamba.

Zikitimia nne kati ya tano, na hesabu yako ikakubali, lipa bila wasiwasi.

## Makosa yanayojirudia

1. Kulipia waranti badala ya ukaguzi. Fundi anayejitegemea, asiyelipwa na yadi wala dalali, akikagua gari kabla hujalipa, atakuepusha na hasara ambayo waranti haitakurudishia. Apime komprisheni, alisome gari kwa kompyuta, aangalie hidroliki ya giaboksi, alipandishe mlima huku akitazama mshale wa joto.
2. Kuamini kilomita za kwenye dashibodi. Kwa gari la kuagiza, omba karatasi ya mnada. Daraja la R au RA humaanisha gari liliwahi kutengenezwa baada ya kugongwa. Omba pia hati ya kuondolewa usajili Japani. Mara nyingi huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Zikipishana na dashibodi, ondoka.
3. Kudhani cheti cha Shirika la Viwango, TBS, ni waranti. Ukaguzi wa TBS hutazama kama gari linafaa na ni salama kuingia barabarani siku ile. Hauahidi kwamba injini itadumu.
4. Kusaini siku ya kununua. Siku hiyo una furaha na haraka. Omba nakala ya mkataba, nenda nayo nyumbani, isome usiku.
5. Kusahau mifuko ya hewa. Mamilioni ya magari ya miaka ya 2000 yalitoka kiwandani na vilipushi vya kampuni ya Takata vinavyoharibika zaidi kwenye joto na unyevunyevu, hali ya hewa tuliyonayo Kyela. Muulize muuzaji kama vya gari hilo vilibadilishwa, akuonyeshe uthibitisho kwa namba ya chasisi. Ni kasoro ya mtengenezaji, usikubali kuuziwa waranti kwa ajili yake.
6. Kutotunza risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Oili uliyomwaga bila risiti, kwa kampuni ya waranti haikumwagwa.

## “Lakini…”

“Lakini muuzaji amesema ofa ni ya leo tu.”
Anayekunyima usiku mmoja wa kusoma mkataba leo, mwakani hatapokea simu yako.

“Lakini fundi wangu ni mzuri, sitaki kwenda kwa mwingine.”
Basi waranti si yako. Fedha yake mpe fundi huyo kwa servisi za wakati, kulanti halisi ya rejeta na hidroliki sahihi.

“Lakini nikiwa na waranti nalala usingizi.”
Utulivu wa moyo una thamani, siukatai. Ila utulivu wa karatasi yenye gereji Dar es Salaam unaisha siku gari linapozimika Ngana saa mbili usiku.

“Lakini ile ya kwenye ankara ya Japani ni bei ndogo.”
Uliza inalipwaje. Kama dai lazima litumwe Japani pamoja na ripoti na picha, nao warudishe sehemu tu ya gharama, hesabu ni ya kwako. Hakikisha pia muda hauanzi kuhesabiwa siku meli inapoondoka, kwa maana nusu yake inaweza kuishia baharini na bandarini. Na kama hukuuomba mstari huo, waambie waufute.

“Lakini nimeshalipa tayari.”
Soma mkataba leo. Baadhi hukuruhusu kuvunja ndani ya siku za mwanzo na kurudishiwa fedha. Kama muda umepita, fuata masharti ya servisi kwa ukamilifu ili wasipate pa kukukataa.

## Fedha hiyo ifanye nini badala yake

1. Tazama bima kubwa kwanza. Kwa anayeishi penye mafuriko, hii inatangulia waranti. Kwa gari la binafsi kiwango chake kwa kawaida huanzia asilimia 3.5 ya thamani, kabla ya VAT. Gari la Sh 15,000,000 ni Sh 525,000, na VAT ya asilimia 18 inaifikisha Sh 619,500. Uliza kwa maandishi kama mafuriko yamo, maana baadhi ya kampuni huyaweka pembeni hadi uyaombe. Uliza pia kama wanapokea gari la umri wako. Ukishalipa, hakiki bima yako kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

2. Anzisha mfuko wa gari. Chukua bei ile ile ya waranti, uigawe kwa misimu yako. Malipo ya kakao kupitia stakabadhi ghalani yakiingia, tenga fungu kabla hayajagusa mambo mengine. Ukiuza mpunga, tenga. Weka SACCOS, VICOBA au akaunti ambayo huitumii kwa manunuzi ya kila siku. Masharti yake ni mawili: haitoki kwa harusi wala msiba, na ikitumika hurudishiwa. Gari lisipoharibika, fedha bado ni yako.

3. Zuia ubovu unaotabirika. Kabla ya masika, kagua rejeta, mipira ya maji, feni na breki. Kabla ya kupanda Tukuyu na mzigo, angalia kulanti injini ikiwa baridi. Ukikuta maji yamefunika barabara nawe hujui kina, geuza.

## Ukiamua kununua, fuata hatua hizi

1. Mkataba uwe na jina kamili la kampuni, namba ya chasisi, tarehe ya kuanza na kuisha, na kikomo cha malipo.
2. Anayebeba deni ni nani: yadi, wakala au kampuni ya tatu? Ikiwa kinachouzwa ni bima, muuzaji lazima awe na leseni ya TIRA. Hakiki.
3. Lipa kwa benki au kwa namba ya kampuni, kamwe si kwa simu ya dalali. Dai risiti ya EFD.
4. Piga picha gari lote siku ya kuanza: injini, chini ya uvungu, dashibodi yenye kilomita.
5. Servisi zote kwa wakati, na risiti zenye namba ya gari na kilomita.
6. Gari likipata tatizo, simamisha. Toa taarifa kabla fundi hajafungua chochote, na utume ujumbe wa maandishi baada ya kupiga simu.
7. Wakikataa, waombe sababu kwa maandishi na kifungu wanachokitumia.

Ukiona umeonewa, zipo njia. Kwa bidhaa ya bima, anza na kampuni yenyewe, kisha TIRA au Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwa muuzaji aliyekudanganya, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Ndiyo maana ahadi ya mdomo uibadilishe kuwa ujumbe wa simu: “Kama tulivyokubaliana, injini na giaboksi miezi mitatu.” Akijibu “sawa”, una ushahidi.

## Kazi ya kesho asubuhi

Kabla hujatoa fedha yoyote, piga namba ya madai iliyoandikwa kwenye mkataba, si ya muuzaji. Sema hivi: “Niko Ngana, Kyela. Gari langu limekufa giaboksi. Mnanisaidiaje leo?” Sikiliza kama wanapokea, kama wanaijua gereji ya kukutajia, na kama wanataja nani analipa kuvuta. Wakijibu vizuri, rudi kwenye hesabu yako uamue. Simu isipopokelewa, au wakianza kukuuliza Ngana iko mkoa gani, funga daftari, na bei ya waranti uipeleke kwenye mfuko wa gari siku hiyo hiyo.